Q bila U kwenye Scrabble

Mwalimu, umeuliza maneno ya Kiingereza ya herufi tano yenye Q bila U, maana vijana wako wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vibao vya herufi, hapo Kondele hukwama nayo. Yapo: FAQIR, NIQAB, QANAT, TALAQ, TRANQ. FAQIR pekee ni pointi 17, bila mraba wa kuzidisha pointi.

Lakini wafundishe QI kwanza, tafadhali, neno la herufi mbili tu, lenye maana ya nguvu ya uhai kwa Wachina. Kibao cha Q ni kimoja tu, cha pointi 10, na mchezo ukiisha kikiwa mkononi unakatwa hizo 10. Mtoto akiona I ubaoni yenye mraba wa kuzidisha herufi mara tatu kushoto au juu yake, aiweke Q hapo papo hapo: ni 31. Asingoje neno refu. Kamusi ya kuamua maneno halali mkubaliane mapema.