Betri Mpya, Gari Haliwaki: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Betri na Alteneta

SWALI: Mtaalamu, salaam. Nina gari dogo lililoagizwa kutoka Japani likiwa limetumika. Miezi mitatu iliyopita betri ilikufa, nikanunua mpya. Sasa gari likilala siku mbili tatu bila kuwashwa, stata inazunguka kwa uzito au haizunguki kabisa, mpaka jirani anisaidie kubusti. Fundi alichomoa temino ya betri injini ikiwa inaunguruma. Gari halikuzima, akasema alteneta, ile mashine inayochaji betri injini inapozunguka, ni nzima na kwamba nimeuziwa betri mbovu. Muuzaji ameipima, anasema haina kasoro. Nikiendesha usiku naona taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ikiwaka kwa mbali sana, lakini mchana siioni. Nimwamini nani? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu yangu, jambo zito kuliko yote katika barua yako umeliweka mwishoni, nalo ni hiyo taa. Taa ya betri ina hali mbili tu zilizo sawa: ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini inapaswa kuwaka wazi, na injini ikishawaka inapaswa kuzima kabisa. Inapobaki na mwanga hafifu unaoonekana gizani tu, mara nyingi kasoro huwa ndani ya alteneta, hasa kwenye dayodi, au kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka) zimekwisha, au kuna waya uliolegea kwenye njia ya kuchaji.

Alteneta huzalisha umeme wa mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo kila mara, ambao betri haiwezi kuutunza. Ndiyo maana ndani yake kuna dayodi, kwa kawaida zisizopungua sita, zinazougeuza kuwa mkondo mnyoofu, yaani unaoelekea upande mmoja tu. Kila dayodi ni kama mlango unaofunguka upande mmoja: umeme unatoka kwenda kwenye betri, wala haurudi. Dayodi moja ikianza kuvuja, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Mchana alteneta huchaji pungufu, na usiku, gari likiwa limezimwa, umeme wa betri hurudi ndani ya alteneta na kupotea. Dalili zako zote mbili, taa hafifu na betri kuisha gari likilala, zinaelekea huko, ingawa sitaki ununue alteneta kwa kuisoma makala hii tu. Pima kwanza.

Kabla ya vipimo, nakuomba usikubali tena temino ichomolewe injini ikiwa inafanya kazi. Najua jambo hili limezoeleka katika gereji nyingi, na lilianza zamani magari yalipokuwa hayana kompyuta. Injini kuendelea kuunguruma kunaonyesha tu kwamba alteneta inatoa umeme wa kutosha kuendesha injini kwa wakati ule. Hakuonyeshi kama inatoa wa kutosha kuchaji betri, taa zikiwa zimewashwa na feni inapuliza. Zaidi ya hapo, betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari zima. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kupanda kwa kufumba na kufumbua hadi kiwango kinachounguza dayodi, regyuleta (kifaa kinachodhibiti volti za alteneta), au kompyuta ya injini yenyewe. Mtu anaweza kuingia gereji na alteneta nzima akatoka na mbovu.

Kinachohitajika ni mita ya umeme ya kawaida, iliyowekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu, kipimo cha 20. Pima katika hali tatu. Ya kwanza ni asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, kabla hujagusa swichi: betri iliyojaa husoma takribani volti 12.6 au 12.7, iliyobaki na nusu husoma kama 12.2, na ikishuka chini ya 12 imekwisha kwa hesabu yoyote. Usipime mara tu baada ya kuzima gari, kwa sababu chaji ya juujuu hudanganya, na hata betri iliyochoka huonekana nzima.

Hali ya pili ni wakati stata inazunguka. Mtu mmoja awashe gari, wewe ukitazama mita. Betri iliyojaa na yenye afya haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Ikiwa ilisoma 12.6 asubuhi kisha ikaporomoka hadi 8, betri ndiyo yenye hatia, hata kama ni mpya.

Hali ya tatu ndiyo ninayoitegemea zaidi katika shauri lako. Injini ikiwa inafanya kazi, mita isome kati ya 13.8 na 14.7. Sasa washa taa kubwa, feni ya ndani na kiyoyozi, kisha mtu akanyage mafuta kidogo hadi mizunguko 2,000 kwa dakika. Usomaji usishuke chini ya 13.5. Ukipita 15, regyuleta haifanyi kazi yake na betri inachemshwa. Hapo hapo, bila kuzima injini, geuza mita iwe kwenye volti za mkondo geu na upime temino zile zile. Ukiona zaidi ya volti 0.5, dayodi zimeharibika. (Baadhi ya magari mapya huongoza chaji kwa kompyuta na volti zake hupanda na kushuka kwa makusudi, kwa hiyo gari la namna hiyo lipimwe kwa kufuata kitabu chake.)

Kipimo cha mwisho ni cha umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Fungua waya wa hasi, weka mita kwenye tundu la ampea 10, na uiunganishe kati ya waya huo na temino ya hasi. Funga milango, subiri nusu saa au zaidi ili kompyuta zilale, na usijaribu kabisa kuwasha gari mita ikiwa hapo. Miliampea 50 au pungufu ni kawaida. Tuseme umekuta 300: kwa saa 24 utakuwa umepoteza ampea-saa 7.2, na betri ya ampea-saa 45 itakuwa imebaki chini ya nusu kwa siku tatu na robo hivi. Hesabu hiyo inafanana sana na malalamiko yako. Chomoa fyuzi moja moja ukiangalia mita, kwa kuwa alamu, redio na vifaa vya kufuatilia gari vilivyofungwa baadaye huwa washukiwa wakubwa. Ikiwa hakuna fyuzi inayobadilisha chochote, tenganisha betri, fungua waya mnene ulio nyuma ya alteneta, ufunike kwa utepe wa umeme, kisha pima tena. Mkondo ukishuka, mwizi wako ni dayodi.

Alteneta haihitaji kutupwa. Fundi umeme mzuri anaweza kubadilisha seti ya dayodi au kaboni peke yake. Na betri yako ichajiwe taratibu kwa chaja, ampea 4 au 5 kwa ukubwa huo, kwa sababu kila siku inayokaa tupu, salfeti inagandamana kwenye sahani zake za risasi na kuipunguzia uwezo.

SWALI: Betri inasoma 12.6 na taa zinawaka vizuri, lakini nikiwasha gari nasikia “tik” tu. Fundi anataka kubadilisha stata. – Msomaji, Likoni, Mombasa.

JIBU: Subiri kwanza. Stata ya gari dogo huvuta ampea 100 na zaidi. Kutu ya temino ikiweka ukinzani wa omu 0.02 tu, mkondo wa ampea 150 utapoteza volti 3 njiani, ilhali taa, zinazotumia mkondo mdogo, hazitaonyesha lolote. Huko pwani chumvi ya hewani huzila temino na waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari) haraka. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mtu awashe gari. Zaidi ya volti 0.5 maana yake waya wa ethi usafishwe au ubadilishwe. Fanya hivyo pia kati ya nguzo ya chanya na stata. Pande zote zikiwa safi, betri ikabaki juu ya volti 10 na bado ni “tik” tu, basi fundi wako yuko sahihi.

SWALI: Maji ya betri yakipungua, niongeze asidi? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Hapana. Kinachopotea kwa joto na kuchaji ni maji, asidi inabaki. Ukiongeza asidi unaifanya iwe kali kupita kiasi na kuzila sahani. Ongeza maji yaliyotoneshwa tu, yafunike sahani bila kupita alama ya juu, na usitumie ya bomba. Yakipungua kila mwezi, pima chaji kwa namna niliyoeleza hapo juu, kwani huenda volti zimepita 15. Vaa miwani unapofungua vizibo, na moto au sigara vikae mbali, maana gesi ya haidrojeni inayotoka humo hulipuka.