Swali: Toulouse mpaka Sète kwa baiskeli, tairi za 25 nijaze paundi ngapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi naishi Ubelgiji, mwezi wa tano nataka kusafiri na mke wangu kwa baiskeli kufuata mfereji wa Canal du Midi kusini mwa Ufaransa, kuanzia Toulouse mpaka Sète. Nina baiskeli ya mashindano, tairi ni milimita 25, nyuma nitafunga karia na mabegi mawili. Faili ya njia nimenunua mtandaoni, imeandikwa kilomita 240, tambarare, rahisi, siku 3. Nijaze upepo kiasi gani? Nimeambiwa nijaze mpaka mwisho ndo baiskeli inakimbia na pancha hazipatikani.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Paundi nitakupa, ila kuna neno kwenye swali lako linanipandisha presha kila mwaka ikikaribia msimu: tambarare. Mimi nipo Toulouse hapahapa, karakana yetu na mfereji ni dakika chache, na wale wanaorudi wakisukuma baiskeli ukiwauliza kulikoni wanakujibu neno moja, fundi si tuliambiwa ni tambarare. Ni tambarare kweli, nani kabisha. Mfereji ni maji na maji hayapandi mlima, yule Riquet aliyepewa ruhusa na mfalme kuuchimba mwaka 1666 shughuli yake yote ilikuwa hiyohiyo, kutafuta pa kuyapitisha maji yasiporomoke. Sehemu ya juu kabisa ya mfereji, Seuil de Naurouze, iko mita 189 tu juu ya bahari. Sasa nani alikwambia tambarare maana yake lami? Shamba la mpunga nalo ni tambarare, peleka baiskeli tuone.

Kinachowaponza watu ni picha. Ukitoka Toulouse kuna kama kilomita 50 za lami mpaka Port-Lauragais, safi, kivuli cha miti, wazee wanatembeza mbwa, unaweza kwenda na ndala. Na ukishafika mwisho kule, kati ya Marseillan-Plage na Sète, kuna njia nyingine ya baiskeli nzuri mno, bahari mkono wa kulia, ziwa la Thau mkono wa kushoto. Picha zote unazoziona zimepigwa huko kwenye ncha mbili. Katikati hapapigwi picha kwa sababu mtu mikono yote miwili kaishika hendeli anaomba Mungu.

Katikati ni ile njia ya ukingoni ya zamani, farasi walipita hapo wakivuta mashua kwa kamba. Wanaitengeneza kidogokidogo, kuna vipande wameshindilia changarawe viko vizuri tu, lakini kuna vipande vya udongo mtupu, upana wa hatua mbili, na mizizi. Chukua kipande cha kutoka Argens mpaka Béziers, kilomita 54 hakuna hata lango moja la maji, yaani usawa ni uleule mwanzo mwisho, ukiuliza simu yako itakuchorea mstari ulionyooka kama rula. Na ndo hukohuko watu wanatoka damu magoti. Mivinje sijui mikuyu, hii miti wenyewe wanaiita platane, ilipandwa zaidi ya 40,000 kandokando ya mfereji na mizizi yake inapita chini ya njia inainuka juu kama mishipa ya mkono wa mbeba mizigo. Mingi imekatwa tangu 2006 walipogundua kuna ukungu unaiua, mti ukikatwa kivuli kinaondoka ila mzizi umebaki, na sasa jua linakupiga juu mzizi unakupiga chini.

Haya, tairi. Hili la kujaza mpaka mwisho ni uongo mzee kuliko mimi, nililikuta Tanga nikiwa kijana kwa mafundi wa chini ya mwembe na nimelikuta Ulaya kwenye maduka ya vioo. Upepo mwingi unakimbia kwenye lami laini. Kwenye mizizi tairi ngumu inafanya kazi moja tu, kuruka. Kila inaporuka wewe nguvu umeshapoteza, karia inapiga kelele, mabegi yanaruka, spoki za nyuma zinaanza kulegea, jioni rimu inapepesuka na hujui kwa nini. Afu ukishachoka kupigwa unapunguza upepo, si ndo? Sasa tairi ya 25 yenye mzigo ukipunguza upepo, ikikutana na mzizi inabanwa mpaka rimu inagusa, tyubu inakatwa matundu mawili sambamba kama umeumwa na nyoka. Mwaka jana kaja jamaa na tyubu ya hivyo, viraka saba, vyote viwili viwili isipokuwa kimoja, na solusheni imemkaukia vidoleni. Ananiambia tairi ni feki. Tairi haikuwa feki, ilikuwa nyembamba. Kwa hiyo kwa 25 hakuna paundi ninayoweza kukupa ikawa sahihi, ukijaza unapigwa, ukipunguza unabanwa.

Tafuta tairi ya 40 au zaidi. Mtu wa kilo kama 80 na mabegi anza na paundi 45 mbele na 50 na kitu nyuma, usivuke namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, endesha nusu saa kwenye njia mbovu kisha rekebisha. Ukisikia rimu inagonga, ongeza. Meno yakigongana, punguza. Hakuna siri nyingine, na anayekuuzia dawa ya kumimina ndani ya tairi ili nyembamba igeuke nene mwambie akamimine kwenye tairi zake. Na siku ya mvua hata hiyo 40 ina mipaka, ule udongo ni mfinyanzi, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, nimeona watu wanachokonoa na kijiti kila mita mia.

Sasa hii faili uliyonunua. Mdogo wangu, pole, ila nitasema. Kuna watu wanakaa nyumbani, wanabonyeza A mpaka B kwenye programu, mstari unatoka wenyewe, wanauandikia "imejaribiwa" wanauza. Mstari haujui udongo. Programu nyingi zinapima urefu na mwinuko basi, kwa sababu hivyo ndo vinapimika kutoka juu, na mahali ambapo ramani imeandika njia tu bila kusema njia ya nini, yenyewe inapitisha. Uliza muuzaji swali moja: baada ya mji wa Trèbes, pale katikati, njia inakaaje siku mbili baada ya mvua? Akijibu "ni rahisi" ujue hajawahi kufika.

Na si Canal du Midi peke yake. Loire à Vélo, njia ya baiskeli ya kufuata mto Loire, karibu kilomita 900, hiyo nawapa hata wanaoanza, sehemu kubwa ni lami na barabara za kijijini zenye gari moja moja, ila hapo wanadanganywa kwa upepo: wote wanashuka na mto kuelekea baharini kwa kuwa "mto unashuka", wakati pepo za huko mara nyingi zinatoka magharibi, unapigwa uso wiki nzima. Kwenye mto Rhône ni kinyume, upepo wa mistral unatoka kaskazini, kwa hiyo shuka nao. Kwako wewe ukitoka Toulouse unaweza kukutana na upepo wa autan, unatoka kusini mashariki, ukianza huwa haukati siku moja, na siku 3 zako zinakuwa 5. Mimi ningeweka 5 tangu mwanzo. Neno la kutafuta kwenye ramani na vibao ni "voie verte", hizo ni njia zilizotengenezwa, ya kwanza ilifunguliwa 1997 kule Burgundy juu ya reli ya zamani kati ya Cluny na Givry. Ukiona "chemin" tu, hiyo inaweza kuwa chochote, hata shamba la mtu.

Kipande kikikushinda toka kwenye mfereji uingie barabara za vijiji, usione aibu, zabibu huku na huku na lami nzuri. Ila usidhani kila barabara yenye herufi D kwenye namba yake, yaani ya mkoa, ni ya kijijini. D610 ni D na malori yanapita hapo kama yamefukuzwa. Nunua ramani ya karatasi ya Michelin: nyeupe pita, njano angalia saa, nyekundu kimbia. Ni euro chache, haina betri.

Maji na chakula hilo hukuuliza ila watu wanazimia: vijijini maduka yanafungwa mchana, Jumapili baada ya saa sita hupati kitu, Jumatatu bekari nyingi zimelala. Maji yapo makaburini, bomba liko karibu na geti, ni la kumwagilia maua na waendesha baiskeli wote wanalijua. Mimi mtoto wa Tanga kuingia makaburini kuchota maji ya kunywa ilinichukua miaka miwili, nasimama getini nasalimia kwanza. Soma kibao, ikiwa "eau non potable" nawa uso tu.

Basi kabla hujatoa hela ya tairi mpya, geuza baiskeli juu chini, chukua alenki ya namba 6, ipitishe kati ya tairi na fremu, pembeni na juu, nyuma na mbele, ukiwa umeshafunga tairi pana ya kuazima. Isipopita bila kugusa, hiyo fremu haitaki, na kwa baiskeli ya mashindano nakwambia mapema haitapita, hata tundu za kufungia karia huenda hazipo. Hapo azima au kodi baiskeli ya safari, Toulouse zipo. Na mke wako anaendesha ipi? Hujasema.