Mjane wa shemeji anakuja Marangu, nimpishe chumba changu?

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa Marangu, tunaishi Tabata. Kila Desemba tunapanda kwa wazazi wa mume wangu, na tulijenga chumba chetu pale ili tusibanane. Mwaka huu mama mkwe anataka mke wa marehemu shemeji aje na wanawe watatu, wasafiri na sisi, walale chumbani kwetu. Tangu tulipozika hajakanyaga kule. Mume wangu amekubali bila kuniuliza, na mawifi wananitania eti "mke wa marehemu ni wa ukoo". Nafikiria kubaki Dar na wanangu. Nitakuwa mchoyo? Mama Wawili, Tabata.*

Marahaba, Mama Wawili. Barua yako ina mambo mawili, nawe umeyafunga furushi moja.

La kwanza ni mumeo kukubali bila kukuuliza. Hapo amekosea, na umwambie kabla hamjafunga mizigo, mkiwa wawili, si njiani mbele ya watoto. Na ule utani wa mawifi mwulize waziwazi: kuna maneno ya kumrithi huyo mama, au ni mzaha tu? Najua swali hilo linatia aibu. Afadhali aibu ya usiku mmoja kuliko sikukuu nzima unamchungulia mwenzako. Lakini vyovyote atakavyojibu, deni la mumeo usimlipishe mjane.

Sasa huyo mama. Umeolewa Uchagani, unajua Desemba kule si ndafu na nguo mpya tu. Watu wametoka Dar, Arusha, Mwanza, wote wapo, kwa hiyo vikao vya ukoo huwekwa siku hizo hizo, kabla ya mwaka mpya: nani atajengea kaburi, mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo, unapita wapi, nani apewe sehemu gani. Mtoto asipoonekana miaka kadhaa, jina lake huanza kurukwa. Hakuna aliyemfukuza, amesahaulika tu, na siku akija mtu mzima kuuliza sehemu ya baba yake, anaulizwa, "Ulikuwa wapi siku zote?" Nadhani mama mkwe wako ameona mbali. Baba yao kalazwa pale pale mgombani, na huenda yule mdogo hakumbuki hata ni upande gani.

Kwa hiyo waende. Na wewe nenda. Ukibaki Tabata, mawifi watapata la kusimulia mpaka Pasaka.

Chumba usimpishe. Lala naye. Ninyi wawili na mtoto mdogo kitandani, wakubwa watandikiwe magodoro sebuleni, mumeo akalale nao. (Wanaume wenyewe mbege ikishachotwa hurudi kulala saa ngapi?) Ni siku chache tu. Ukimwachia chumba kizima, utalala sebuleni umenuna, naye atatembea kwa kunyata nyumba nzima kama aliyeazima. Mkilala pamoja, wale mawifi watakuwa wamejibiwa na wewe hujafungua mdomo.

Jikoni vilevile. Asikalishwe kwenye kochi kupewa soda na pole. Mpe kisu amenye ndizi za mtori pamoja nanyi mpaka mikono iwe myeusi kwa utomvu, maana habari za kweli husemwa pale, na pale ndipo watamzoea tena. Na mbuzi akichinjwa, mumeo ahakikishe fungu la nyumba ya marehemu limetajwa peke yake, lisizamishwe ndani ya lenu.

Kuhusu usafiri, mko wanane. Kama gari lenu ni dogo, msishindiliane. Wengine wapande basi, tiketi zikatwe mapema kwa sababu mabasi ya Moshi Desemba hujaa, na msemezane sasa nauli analipa nani. Hapo usione haya kutaja kiasi mnachoweza. Mjane naye ana simu na ana ndugu, anaweza kuchangia kidogo, na pengine angependa kuombwa.

Simu ya kupanga safari ipige wewe, usimwachie mumeo wala mama mkwe. Mwambie abebe blanketi, usiku kule kuna baridi, na umuulize mwanawe wa mwisho anavaa viatu namba ngapi.