Mbweha mwekundu wa Misri na wa Alaska
Huenda ukajiuliza kama mbweha wekundu wanaotofautiana hivi kweli ni wa spishi moja. Ndiyo, mbweha mdogo wa Misri mwenye manyoya mepesi ya rangi ya mchanga na yule mkubwa wa Alaska mwenye manyoya marefu na mazito ni spishi moja, mbweha mwekundu (kwa jina la kisayansi Vulpes vulpes), iliyoenea Ulaya, sehemu kubwa ya Asia, Amerika Kaskazini na kaskazini mwa Afrika. Australia alipelekwa na walowezi katika karne ya 19 kwa ajili ya uwindaji, na inasikitisha kwamba hadi leo anawamaliza wanyama wadogo wa huko. Rangi nayo isikupotoshe, kwa kuwa Kanada na Alaska huzaliwa pia weusi wenye ncha za manyoya za rangi ya fedha, wakati mwingine katika uzao mmoja na wekundu.