Kabla Hujatandika Mkeka: Niliyojifunza Kwenye Madarasa ya Yoga ya Dar

Siku yangu ya kwanza kwenye darasa la yoga nilipiga hodi.

Sitanii. Darasa lilikuwa la saa kumi na mbili jioni, huko Msasani, nami nikatoka ofisini Posta saa kumi na moja nikijipa moyo kwamba saa nzima inatosha. Anayeijua Barabara ya Ali Hassan Mwinyi jioni ya Ijumaa anajua nilivyojidanganya. Nilifika dakika kumi zimeshapita, mlango umefungwa, ndani kimya. Nikafanya kama nilivyolelewa: nikagonga, nikasema "Hodi hodi!" kwa sauti ya mtu anayeingia uani kwa watu. Kumbe ndani watu kama kumi na tano wamelala chali, macho wamefumba, wanatuliza pumzi. Mmoja wao, maskini, akaitikia "Karibuu!" kabla hajakumbuka yuko wapi. Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, kisha akaninyooshea kidole nafasi pekee iliyobaki: mbele kabisa, katikati, pua kwa pua na kioo. Nikatandika mkeka jasho linanitiririka, na zege, yaani chipsi mayai, nililokula saa kumi na nusu limenikalia tumboni kama tofali.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Kilichonipeleka ni mgongo, kwa sababu kazi yangu ni ya kukaa na kompyuta kutwa. Tangu hapo nimeingia studio nyingi, za hapa Dar na za Nairobi ninapokwenda kikazi, na kila rafiki anayetaka kuanza huniuliza swali lilelile: "Mimi mwili wangu mgumu, nitaweza kweli?" Jamani, ugumu wa mwili si tatizo, huo ndio unaokupeleka. Kinachoharibu darasa la kwanza ni vijambo vidogo ambavyo hakuna anayekwambia mapema.

Anza na kuuliza ni darasa la namna gani. Mtu anaona tu neno "yoga" kwenye tangazo, anajiandikisha, kumbe kaingia vinyasa, ambako mikao inafuatana mbio mbio na pumzi, na mwalimu anamchukulia kila mtu anaijua salamu ya jua, ule mfululizo wa mikao ya kuinama na kuinuka. Mgeni aanze na hatha, ambayo huenda polepole, au darasa lililoandikwa wazi kwamba ni la wanaoanza. Ukibahatika kupata mwalimu anayefuata njia ya Iyengar, yule mwalimu mzee wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014, mchukue, hasa kama una maumivu ya zamani. Wanatumia matofali ya mbao au sponji, mikanda, mablanketi, hata viti, ili mkao uufuate mwili wako. Yoga ya chumba cha joto iache kwanza. Ile ya Bikram, kwa mfano, ni mikao 26 kwa dakika 90 katika joto la nyuzi 40 hivi. Sisi wa Dar kuanzia Desemba mpaka Machi tunaipata bure ndani ya daladala.

Na kama wewe ni mwanamke na hupendi kuchanganyika na wanaume, piga simu uulize. Madarasa ya wanawake peke yao yapo, na swali hilo limeulizwa mara nyingi mno kabla yako.

Sasa muda. Jitahidi ufike robo saa kabla, maana mara ya kwanza kuna fomu ya kujaza, kuna viatu vya kuvua, kuna choo. Viatu vinabaki mlangoni, hilo halihitaji kufundishwa kwa mtu aliyekulia nyumba ya Kiswahili. Ila hodi ndiyo inayotuponza. Ukichelewa na mlango umefungwa, usigonge. Subiri nje mpaka usikie watu wanaanza kuchezesha miguu, ndipo uingie taratibu, bila salamu ya kuzunguka chumba na bila hadithi ya foleni. Studio nyingine zikishafunga mlango hazifungui tena. Usigombane na dada wa mapokezi, hakuitunga yeye sheria hiyo.

Tumbo ni habari ndefu, na nitaisema bila aibu. Kwenye yoga unajikunja, unajipinda, unalala juu ya tumbo lako mwenyewe, unainamisha kichwa chini ya nyonga. Chakula kizito kinahitaji saa mbili tatu kabla ya hayo yote. Wali wa nazi na maharage mchana kwa darasa la jioni, sawa. Zege saa moja na nusu kabla ya darasa, muulize aliyeko mbele yako. Ukisikia njaa njiani, ndizi moja inatosha. Maharage yenyewe pia yana mambo yake, na itatokea siku, iwe yako au ya jirani, sauti itoke isikotarajiwa. Kanuni ni kwamba hakuna aliyesikia. Watu wazima wanaendelea kupumua.

Wakati wa Ramadhani mimi huhamia madarasa ya kulala na kujinyoosha taratibu, yale ya mito na mablanketi, au nafanya nyumbani baada ya futari kushuka. Nimewaona wanaofunga na kuingia vinyasa saa kumi na moja jioni. Mwili ni wao, lakini kizunguzungu cha kichwa kikiwa chini si kitu cha kujaribia.

Kosa jingine la kwetu ni mafuta. Umeoga, umejipaka mafuta ya nazi mpaka vidole vya miguu vinang'aa, umependeza. Ukifika mkao wa mbwa, viganja na nyayo chini, makalio juu, unaanza kuteleza kama samaki kwenye beseni. Siku ya yoga usijipake mikononi wala miguuni, na beba taulo dogo, kwa sababu jasho la Dar nalo linatelezesha. Soksi zivue. Manukato nayo yapunguze. Mimi mpenzi wa udi, nguo zangu zote zimefukizwa, lakini katika chumba ambako watu wanavuta pumzi kwa kina kwa saa nzima, harufu yako inaingia mapafuni mwa kila mtu, na wengine wana pumu.

Nguo zisiwe jambo la kukutia gharama. Suruali inayovutika na fulana inayoshika mwili kidogo vinatosha, na ukipenda kuficha nyonga vaa fulana ndefu kisha uichomeke unapoinama, la sivyo itakufunika uso. Hijabu ya kuvaa kichwani moja kwa moja ni bora kuliko mtandio wa pini. Kina kaka, bukta pana bila taiti ndani ni hatari kwenu na kwa aliye nyuma yenu, sitasema zaidi. Dada mwenye rasta, usifunge fundo kisogoni maana hutaweza kulala chali. Zifunge chini, pembeni. Bangili na hereni kubwa ziache nyumbani. Shanga za kiunoni ni hiari yako, ila kuna mikao ya kulalia tumbo ambayo utazihesabu moja moja.

Halafu mkeka. Studio nyingi zinao wa kuazima, kwa hiyo usinunue mpaka uone kama utarudi mara ya tatu. Wa kuazima ufute kabla na baada, dawa ya kupulizia na kitambaa huwa karibu na mlango. Na usikanyage mkeka wa mwenzio. Kwa hili sihitaji kueleza sana: unavyoupita mswala wa mtu msikitini, ndivyo unavyoupita mkeka huu. Zunguka. Chumba kikijaa, sogeza wako mtu mwingine aingie, na utandike kwa kupishana na jirani ili mikono yenu isigongane. Nafasi nzuri kwa mgeni ni katikati ya chumba, safu ya pili au ya tatu. Watu hukimbilia nyuma kabisa kwa aibu, kisha mwalimu anasema geukeni, na wewe ghafla ndiye wa mbele.

Pamoja na mkeka mimi hubeba kanga. Nilianza kwa sababu ya kiyoyozi, nikagundua ndiyo kifaa bora kuliko vyote. Ikikunjwa inakuwa kiti cha kuinua nyonga unapokaa miguu umekunja, inakuwa mkanda wa kuvutia nyayo usizozifikia, inawekwa chini ya magoti yanayouma, na mwishoni unajifunika.

Kabla darasa halijaanza, mfuate mwalimu umweleze kwa sauti ya chini ulicho nacho: mimba, shinikizo la damu, presha ya macho, goti, mgongo uliowahi kuumia. Usione haya. Ipo mikao ya kichwa chini au ya kujipinda ambayo atakutafutia mbadala, na asipojua hawezi. Na jambo la kuguswa: walimu wengi husahihisha mkao kwa mkono. Kama hutaki, sema hapohapo, "Mwalimu, naomba usinishike." Huna haja ya kutoa sababu. Niliwahi kusukumwa mgongo na mwalimu mmoja aliyedhani ananisaidia, nikashindwa kuinama siku nne. Siku hizi nikisikia maumivu makali ninatoka kwenye mkao mwenyewe, hata kama chumba kizima kimebaki.

Maana kutoka kunaruhusiwa. Unapiga magoti, unakalia visigino, unainamisha paji la uso chini, mikono mbele au ubavuni. Wanauita mkao wa mtoto. Anayesali atahisi anakaribia kuutambua. Kaa hapo utakavyo, pumua kwa pua, rudi ukiwa tayari. Hakuna anayekuhesabia. Yule binti wa mbele aliyeweka mguu nyuma ya shingo alianza zamani, mwache na mguu wake.

Kuhusu dini, naulizwa sana, na Wakristo na Waislamu vilevile. Yoga imetoka India na ina mizizi ya kidini, tusidanganyane. Lakini studio zinatofautiana mno. Kuna ambako utasikia "Om", sauti takatifu ya Wahindu, mwanzoni na mwishoni, na kuna ambako ni mazoezi tu. Ukiwa hutaki kuitikia, nyamaza, hakuna atakayekugeukia. "Namaste" wanayofungia ni salamu ya Kihindi, maana yake karibu na kusema "nakuinamia kwa heshima", na mimi huitikia kama ninavyoitikia shikamoo. Mwenzangu mmoja hufumba mdomo tu na kutabasamu. Wote wawili tumemaliza darasa salama. Anayetaka kuonja kwanza bila kulipa ada ya studio, aangalie mikusanyiko ya tarehe 21 Juni, siku ya kimataifa ya yoga iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014.

Mwisho wa darasa kuna kulala chali dakika tano hadi kumi. Jina lake la Kisanskriti, shavasana, ni mkao wa maiti, na hapa ndipo wageni wanapokosea kuliko mahali pengine popote. Mmoja anaona mazoezi yamekwisha, anakunja mkeka kwa kelele awahi gari. Mwingine simu yake inaanza kulia ndani ya mkoba. Siku moja ililia ya dada mmoja, akakataa kukiri kuwa ni yake, tukalala pale kama maiti tunausikiliza wimbo mzima, mara mbili, mpaka aliyekuwa anapiga akachoka. Zima simu kabisa, na kengele za kuamsha pia, na saa ya mkononi inayotetema. Kama lazima uwahi, mwambie mwalimu kabla na uondoke kabla ya watu kulala. Ukipitiwa na usingizi si kosa. Ukikoroma jirani atakugusa bega.

Baadaye rudisha matofali yalipokuwa, kunja blanketi vizuri, ongea kwa sauti ya chini mpaka ufike nje kwenye viatu, maana huenda kuna darasa lingine linasubiri. Picha piga ukishatoka, au ya mkeka wako mtupu. Usimpige mtu aliye kichwa chini miguu juu bila ridhaa yake.

Kunywa maji taratibu. Na zege litakungoja. Chipsi za Msasani saa mbili usiku bado za moto.