Mkahawa au behewa la treni?

SWALI: Mhariri, salamu. Kaka yangu aliyeko Marekani ametutumia picha ya mkahawa mdogo wa zamani ulio kando ya barabara, mwembamba, wenye viti vinane tu vilivyopangwa mbele ya kaunta. Mume wangu ameshikilia kuwa hilo ni behewa la treni lililostaafishwa, nami nakataa. Tuamulie. – Msomaji wa kike, Malindi

JIBU: Dada, kauli yako ndiyo sahihi, ingawa mumeo hakuropoka. Asili ya mikahawa hiyo ni gari la farasi. Mwaka 1872, mjini Providence katika jimbo la Rhode Island, Walter Scott aliacha kazi ya uchapaji akaanza kuuza mayai ya kuchemsha, mikate na kahawa garini, nje ya ofisi za gazeti la Providence Journal, usiku ambapo mikahawa mingine ilikuwa imeshafungwa. Wateja walipokea chakula dirishani wakala wamesimama, kama wanaozunguka mkokoteni wa viazi karai hapo kwenu baada ya magharibi. Gari ambalo mteja aliweza kuingia ndani akajikinga na baridi lilitengenezwa na Samuel Jones, mjini Worcester katika jimbo jirani la Massachusetts, mwaka 1887.

Baadaye magari hayo yalirefushwa, yakatulizwa mahali pamoja, na viwanda vikazuka. Kimojawapo, Worcester Lunch Car Company, kilifanya kazi kuanzia 1906 hadi 1957 na kuunda mikahawa zaidi ya 600. Kwa kuwa mkahawa ulikamilishwa kiwandani, jiko na kaunta vikiwamo, kisha ukasafirishwa kwa reli au barabara hadi kwa mnunuzi, upana wake uliamuliwa na njia ya kupitia, wala si na wingi wa wateja. Wembamba huo ndio uliomponza mumeo. Isitoshe, baadhi ya waundaji waliiga sura ya treni kwa makusudi, na tramu kadhaa kuukuu, yaani mabehewa ya abiria yaliyopita kwenye reli za barabara za mjini, ziligeuzwa mikahawa kweli.

Kwa viti vinane, mimi nakisia kuwa mkahawa wenu uliundwa na kampuni ya Valentine ya Wichita, Kansas, iliyotengeneza vijumba vya namna hiyo tangu miaka ya 1930 hadi ya 1970. Mtu mmoja alitosha kuuendesha: akigeuka, jiko liko mgongoni na mteja yuko mbele yake. Wengi walinunua kwa mkopo, na kampuni, ambayo naona haikuwa na imani kubwa na wadeni wake, ilitia kisanduku cha chuma ukutani karibu na mlango, ambamo mwenye mkahawa alitumbukiza sehemu ya mapato hadi wakala apite kukusanya. Mwombe kaka yako achungulie hapo mlangoni; akikikuta kisanduku hicho, mumeo hatakuwa na la kusema.