Kesi zimeongezeka kwenye OB, daftari la matukio la polisi: je, bunduki za polisi wa akiba ndizo chanzo?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, Lodwar. Natafiti iwapo kuwapa polisi wa akiba (NPR) bunduki kumepunguza wizi wa mifugo Turkana Kusini. Kwenye OB ya kituo kimoja, kesi zimepanda tangu wapewe silaha. Niandike kwamba bunduki zimeongeza uhalifu?

Jibu: Usiandike hivyo bado. Mfugaji aliyeibiwa mbuzi, kituo kiko mbali na hakuna wa kufuata nyayo, aende kuripoti ili iweje? Akipatikana askari anayezijua njia za huko, ataripoti. Kesi zinaweza kupanda huku wizi ukipungua.

Tafuta kisichofichika kirahisi: majeraha ya risasi. Omba rejesta za upasuaji na mochwari, uzilinganishe na OB mwezi kwa mwezi. Kesi zikipanda huku majeruhi wakipungua, huenda watu wameanza kuripoti zaidi. Vyote vikipanda, hapo una jambo la kuchunguza.

Kizito zaidi ni kwamba bunduki hupelekwa palipokwisha kuharibika. Ukilinganisha kijiji chenye NPR na kisicho nao, utailaumu dawa kwa sababu wanaoimeza ni wagonjwa. Ningeanzia mwaka 2019, serikali ilipowapokonya NPR silaha katika kaunti kadhaa. Agizo lilitoka juu, halikufuata hali ya kila kijiji. Miezi kati ya agizo hilo na Machi 2020 ndiyo safi zaidi; baada ya hapo kuna kafyu ya korona, kisha ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, nao ukame peke yake huchochea mapigano ya malisho.

Tena usiishie upande mmoja wa mpaka wa kaunti. Uganda ilipoanza kukusanya bunduki Karamoja, eneo linalopakana na Turkana, Desemba 2001, waliosalimisha mapema walivamiwa na majirani waliobaki nazo, hasa wanajeshi walipohamishwa mwaka 2002 kwenda kupigana na waasi wa LRA. Aliyehesabu bunduki zilizokusanywa tu hakuyaona hayo. Kwa hiyo kusanya takwimu za kaunti jirani ya Pokot Magharibi pia.

Kwenye mahojiano, usimuulize mtu kama ana bunduki. Kuimiliki bila leseni ni kosa, na daftari lako linaweza kumponza. Waulize akina mama ni kisima kipi wameacha kuteka maji, na wachungaji mifugo inalala wapi siku hizi. Hofu ya aina hiyo haiingii kwenye OB, nami naiona ndiyo kipimo halisi cha usalama. Majina yageuze namba kabla hujaondoka kijijini, na ueleze utaratibu huo katika ombi lako la kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoidhinisha utafiti.